Kumzoesha Mustang wa Porini: Kutoka Trela Hadi Kushika Kwato

Karibuni. Farasi bado hayupo kwenye picha, na ndivyo inavyotakiwa, maana zizi linakamilika kabla hujajaza fomu yoyote.

Mustang ni farasi wa porini wa magharibi ya Marekani, na wengi wako Nevada. Sheria ya shirikisho inawalinda tangu 1971, na wanasimamiwa na Bureau of Land Management, kwa kifupi BLM, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia ardhi ya umma. Malisho yakizidiwa, shirika hilo hukamata baadhi yao na kuwatoa kwa watu wawalee. Ada ya farasi ambaye hajafundishwa huanzia dola 125. Mwombaji awe na umri wa miaka 18 au zaidi, na asiwe amewahi kuhukumiwa kwa kutesa wanyama. Elewa pia kwamba mwaka wa kwanza farasi bado ni mali ya serikali: humuuzi wala humpi mtu. Mwaka ukiisha, daktari wa mifugo au mtu mwingine anayekubalika anathibitisha kuwa umemtunza vizuri, ndipo unapewa hati ya umiliki.

Sasa angalia zizi hili. Kila farasi anahitaji nafasi isiyopungua futi 20 kwa 20. Uzio una futi 6 kwenda juu kwa farasi aliyevuka miezi 18. Mdogo zaidi ya hapo, futi 5 zinatosha. Hizi ni paneli za bomba la chuma. Seng'enge ya miba hairuhusiwi, na wavu wa matundu makubwa nao haufai kwa sababu kwato hupenya na mguu unakwama. Pembeni kuna banda lenye paa na kuta mbili. Wengi humhurumia farasi wakamfungulia ekari tano za malisho siku ya kwanza. Huyo hutamgusa mwaka mzima, na siku daktari anapohitajika hakuna wa kumkamata.

Trela iwe ya mifugo, yenye paa, na mlango wake wa nyuma ufunguke kwa bawaba za pembeni. Trela yenye daraja la kushusha hukataliwa, kwani haiwezi kukaa sawasawa bila mwanya kwenye kijia cha kupakilia. Ukifika nyumbani, rudisha trela hadi iguse lango la zizi, ifunge kwa mnyororo, kisha hakikisha hakuna mwanya hata wa kupitisha kichwa. Fungua mlango, ondoka, mwache atoke kwa wakati wake.

Sogeza kamera shingoni, upande wa kushoto. Alama hizi nyeupe zilipigwa kwa chuma kilichopozwa sana, nywele zikaota upya bila rangi. Hizo mbili zilizopandana, baada ya ile ya kwanza, ndizo mwaka wake wa kuzaliwa. Chini ya taya unaona hatamu isiyo na lijamu aliyovishwa wakati wa kupakiwa, na kamba inayoburuta. Zikague kila siku kwa macho. Kamba hunasa kwenye maungio ya paneli, na farasi mdogo kichwa kinakua huku hatamu haikui, matokeo yake inakata ngozi juu ya pua.

Chakula ni nyasi kavu, asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake. Farasi wa kilo 400 atakula kilo 6 hadi 8 kwa siku, na maji lita 20 hadi 40. Nafaka weka kando. Tumbo lililozoea nyasi likipewa nafaka nyingi ghafla, unakaribisha msokoto wa tumbo na uvimbe wa kwato, na vyote viwili vinaweza kumuua.

Akishakula vizuri ukiwa umesimama nje ya uzio, ingia. Elekea begani kwa mshazari. Usimjie usoni wala nyuma, huko haoni vizuri. Akiinua kichwa na kukaza shingo, simama hapo hapo. Usiongeze hatua, usirudi. Subiri. Sikio hilo likigeuka kwako, au kichwa kikishuka kidogo, geuka uondoke hatua mbili. Somo lote liko katika kule kuondoka kwako. Ukiondoka wakati anakimbia, umemfundisha kwamba kukimbia kunalipa, na kesho atakimbia mapema zaidi. Robo saa mara tatu kwa siku inazaa zaidi ya saa tatu mfululizo.

Mguso wa kwanza tunatumia mwanzi wa futi 8 au 10. Mkune kwenye kinundu cha juu ya mabega, pale farasi wanapokunana wao kwa wao. Pua iache. Akisogea, fuatana naye polepole, mwanzi ukiwa bado mwilini, mpaka asimame; ndipo uuondoe. Kisha shika mwanzi karibu zaidi kila safari, hadi mkono wenyewe ufike. Rudia yote upande wa kulia, maana alichozoea kwa jicho la kushoto kinaweza kumshtua kabisa kikija kwa la kulia. Kumlisha mkononi tunakukatazeni wakati huu. Atajifunza kupekua mifuko, halafu kuuma.

Kamba ivutwe kwa upande, kamwe isivutwe kwa mbele, kwani ukivuta mbele atajikaza na kujirusha nyuma. Vuta kidogo, shikilia, na pua ikija hata inchi moja, legeza mara moja. Usijizungushie kamba mkononi: akitoka mbio anakwenda na vidole vyako.

Mwisho miguu. Mkono uteremke kutoka begani hadi kifundoni, inua mguu wa mbele kwa sekunde moja, uushushe wewe kabla hajaupokonya. Miguu ya nyuma anza kwa kamba laini iliyozungushwa juu ya kwato, nawe umesimama usawa wa bega. Usimwite fundi wa kwato mpaka miguu yote minne inashikika kwa utulivu, pande zote mbili, na mtu mwingine akiwa amesimama karibu.