Chafya za Msimu wa Bajeti

CHIKU: Mbukwenyi, wasikilizaji. Leo tuna mambo matano kuhusu msongo wa mawazo na aleji. Ila kwanza Yona atuambie ya Jumanne.

YONA: Yapi tena? Kikao cha makadirio ya bajeti kule Mtumba, mji wa Serikali, zamu yangu ikafika, nikapiga chafya mpaka wakaniruka.

CHIKU: Na usiku hukulala kwa ajili ya makadirio hayo hayo. Mada ndiyo hiyo.

YONA: Mada ni vumbi. Ukumbi ulifagiliwa mkavu, watu tumekaa ndani.

CHIKU: Haya, ufagio umeshaingia, na hatujamaliza hata dakika moja! Kaka Yona, sikia. Msongo haumpi aleji mtu asiye nayo, unamzidishia aliye nayo. Seli za masti kwenye utando wa pua ndizo zinazomwaga histamini, kemikali inayoleta chafya na muwasho, na zina vipokezi vya homoni za msongo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 uliwahutubisha watu wenye aleji na kuwapa hesabu za kichwa, kisha ukawapima ngozi. Wenye wasiwasi mwingi walivimba zaidi, hata kesho yake.

YONA: Walivimba pale walipochomwa kichochezi cha aleji, dada Chiku. Hesabu peke yake haimvimbishi mtu. Ondoa kichochezi kwanza. Na hapa Dodoma utitiri wa vumbi, wale wadudu wadogo mno wanaoleta aleji, unapata shida, hewa ni kavu mno kwake. Kwa hiyo tunabaki na chavua, na vumbi linalokwaruza pua.

CHIKU: Sasa anakwenda kwenye ndoo.

YONA: Ndoo mbili! Ya sabuni na ya kusuuzia. Ukiwa na moja tu, unapaka tope jembamba sakafuni, likikauka ni vumbi upya. Zima pangaboi, futa mapanga yake kwa kitambaa kibichi, halafu nyavu za dirishani, sakafu iwe ya mwisho. Ukianza na sakafu umefanya kazi mara mbili. Kama lazima ufagie, nyunyiza maji kwanza, na mwenye aleji atoke nje.

CHIKU: Umemaliza?

YONA: Bado mazulia.

CHIKU: Mazulia hapana! Nijibu hili: kwa nini watu wa maofisini wanazidiwa Aprili mpaka Juni, Bunge la bajeti likiwa limepamba moto?

YONA: Kwa sababu ndipo mvua zinaisha, nyasi zinakauka, barabara za mitaani zinaanza kutimka. Bajeti imekutana tu na msimu.

CHIKU: Na Jumapili? Vumbi lile lile, chafya zinapungua.

YONA: Jumapili hupandi bajaji iliyo wazi kwenda kazini.

CHIKU: Basi tupime. Wiki mbili, kila jioni: chafya, pua kuziba, macho kuwasha, kila kimoja alama 0 hadi 3. Pembeni andika msongo 0 hadi 10, saa ulizolala, na kama ulipita kwenye vumbi.

YONA: Mwenye msongo atajipa 3 kwa pua ile ile ambayo jana aliipa 1.

CHIKU: Lakini kuteseka zaidi ndiyo dalili yenyewe! Pua imeziba, hulali. Hulali, msongo unapanda.

YONA: Imezibwa na nini? Vumbi.

CHIKU: Sikubali.

YONA: Wala mimi.

CHIKU: Fundi mitambo anatuonyesha vidole viwili, dakika mbili zimebaki. Yale matano hata moja hatujaligusa. Chagua.

YONA: Kusafisha pua. Maji yaliyochemshwa yakapoa, mililita 240, chumvi isiyo na madini joto nusu kijiko cha chai. Usitumie maji ya bomba yasiyochemshwa. Yanaweza kuwa na vimelea, na bila chumvi yanachoma. Inama, geuza kichwa upande, mimina tundu la juu, pumua kwa mdomo.

CHIKU: Na matone ya kuzibua pua yasizidi siku tatu, yakizidi pua inaziba kuliko mwanzo. Dawa ya kupulizia yenye steroidi, inayotuliza uvimbe wa pua, ni kitu kingine: elekeza upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati, usivute kwa nguvu. Itumie kila siku, huenda ikachukua wiki mbili kufika nguvu yake yote.

YONA: Kifua kikibana au kikipiga filimbi...

CHIKU: Hospitali siku hiyo hiyo, huenda ni pumu. Mazoezi ya pumzi wiki ijayo.

YONA: Na mazulia.

CHIKU: Zima maiki yake.