Mafundi Walioujenga Mji wa Amu

Assalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wa skuli mlioketi pale mbele: ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya watu mashuhuri wa mji huu wa Amu, yaani Lamu, na nitawataja. Lakini kwanza litazameni jengo tulilomo.

Ujenzi wa ngome hii unafungamana na vita vya Shela, yapata mwaka 1812. Mazrui, watawala wa Mombasa, na wenzao wa kisiwa jirani cha Pate waliteremka Shela, kijiji cha kisiwa hiki, wakashindwa, na walipotaka kukimbilia vyomboni wakajikuta wamepwelewa, maji yamekupwa na vyombo vimekaa nchi kavu. Waamu wakaomba himaya ya Seyyid Said wa Oman, na kufikia 1821 ngome ilikuwa imesimama. Jina la Seyyid Said limo vitabuni. Jina la Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi aliyewatia Waamu moyo kwa mashairi, bado linatajwa na wajuzi. Je, yule aliyevunja matumbawe? Aliyechoma chokaa? Aliyeingia mikokoni kukata boriti? Hao hatuwataji, na wengi wao walikuwa watumwa. Nataka tuliseme hilo wazi humu ndani, kwa sababu hatuwezi kuusifu mkono huku tunamficha mwenye mkono.

Mji huu uliishi kwa kazi. Ufuta ulilimwa bara, sehemu kama Mkunumbi, ukaletwa hapa na kukamuliwa katika vinu vilivyozungushwa na ngamia. Boriti zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni. Hata upana wa vyumba vya majumba ya mawe kule mtaa wa Mkomani ulipimwa kwa urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria mwaka 1907, mashamba mengi yalirudi kuwa mwitu na utajiri wa wenye majumba ukapungua. Ule ulikuwa utajiri wa jasho la watu wasiolipwa.

Sasa nije kwa Muhamadi Kijuma, na hapa nitakaa kidogo, maana nampenda mtu huyu. Alizaliwa miaka ya 1850 na akafariki mwaka 1945. Alichonga milango. Alikuwa malenga, alipiga kibangala, ala ya nyuzi, alicheza ngoma, na mwandiko wake wa herufi za Kiarabu ulikuwa wa kupendeza mno. Wataalamu wa Ulaya waliotaka kuujua ushairi wa Kiswahili walimwendea yeye: Alice Werner kutoka Uingereza, baadaye Ernst Dammann kutoka Ujerumani. Aliwanakilia tendi, akawaeleza maana. Utendi wa Fumo Liyongo tunaousoma leo umetufikia kwa kalamu yake. Maandiko hayo sasa yamehifadhiwa London na Ujerumani, na mtoto wa mtaa wa Langoni akitaka kuyaona yenyewe lazima apande ndege. Jambo hili linaniuma. Nakala zake zirudi hapa, ziwekwe mahali ambapo kijana anaweza kuingia na kuziona. Mwanamume yule yule alishika patasi na kalamu, wala hakuona kwamba moja inaishusha hadhi nyingine.

Mwana Kupona binti Msham ni wa Pate kwa kuzaliwa, lakini nani hapa hajasikia utendi wake? Aliutunga mwaka 1858 kumuusia bintiye, Mwana Hashima. Wanawake waliunakili na kuuhifadhi vifuani, kizazi baada ya kizazi. Hiyo nayo ni kazi ya ufundi.

Kisha Habib Swaleh, mwanachuoni wa dini. Alikuja kijana kutoka Ngazija, kisiwa cha Komoro, akakaa Langoni, upande wa nyumba za makuti. Elimu ya dini wakati ule ilikuwa mikononi mwa koo chache. Yeye akawafungulia mlango wale ambao wengine hawakutaka kuketi nao mkeka mmoja: wageni, watumwa na watoto wao. Akawasomesha, akawatibu, akaingiza twari, yaani matari, katika maulidi. Baadhi ya wakubwa wa mji walichukia. Leo, kila mfungo sita, mwezi wa maulidi, watu wanatoka pwani nzima kuja msikiti wake wa Riyadha, na hakuna anayeuliza babu ya mwenzake alikuwa nani. Kwangu mimi, kama kuna Mwamu mmoja aliyeubadilisha mji huu, ni mtu huyu wa Ngazija.

Wa mwisho ni malenga Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa hapa, 1927 hadi 2017. Alijua kwamba mafundi wa majahazi wakiondoka wataondoka na ujuzi wao, akautungia chombo utenzi, akaeleza namna kinavyoundwa na majina ya viungo vyake. Kijiji cha Matondoni, kisiwani hapa, bado wanaunda. Nendeni mkasikilize wazee wakiitana kazini, mtayasikia maneno yale yale.

Tangu 2001 mji wetu umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Wageni wanapiga picha milango, na wenyewe hatujui nani alichonga upi. Ombi langu kwenu vijana ni hili: kila mmoja achague mlango mmoja wa mtaani kwao, aulize wenye nyumba na majirani, aandike jina la fundi, la aliyemfunza, na mti uliotumika. Asiyepata jina aandike hivyo hivyo kwamba halikupatikana. Daftari zikusanywe pamoja.

Nimewaona mafundi wawili wa Matondoni wameketi kule nyuma. Wazee wangu, tafadhalini sogeeni mbele, maswali ya majahazi mtayajibu nyinyi.