Dabo ya Kuita Si Dabo ya Pointi

Assalaam alaykum. Ahsanteni kwa kuja, ingawa naona waliokaa nyuma wameshaanza kuchanganya karata. Ziwekeni chini kidogo. N'nachokuja nacho leo ni kile kile cha siku zote, na nitarudi nacho mpaka kieleweke: kwenye bridge, karata ya watu wanne, wawili kwa wawili, dabo ya kuita haitangazi pointi, inatangaza maua, yaani shupaza, kopa, uru na pau.

Shida yetu inaanzia barazani. Tumezoea mchezo wa wahedi wasitini, na hesabu ya wahedi wasitini haitoki kichwani. Kule ree (A) ni 11, saba ni 10, mzungu wa nne (K) 4, wa tatu (J) 3, wa pili (Q) 2. Jina limebeba bei yake. Kwenye bridge ree ni 4, mzungu wa nne ni 3, wa pili ni 2, na wa tatu, ambaye kule anamla wa pili, huku yuko chini yake na ana 1 tu. Saba haina kitu. Haina kitu, jamani! Bado kuna watu wanaikumbatia kama mtoto. Pakiti nzima ina pointi 40. Haya, hayo mnayajua.

Aliyeko kuliani kwako amefungua moja ya kopa, yaani ameahidi kula mzunguko mmoja juu ya sita, saba kwa jumla, kopa ikiwa turufu. Wewe ukasema dabo. Hujamwambia yeye kwamba hatokula mizunguko yake saba. Hukuwa unasema naye hata kidogo. Unasema na mwenza wako: kopa sina, au n'nayo chache, lakini shupaza, uru na pau zote n'nazo, taja lako lililo refu, nitakushikilia. Ndiyo maana naiita dabo ya kuita. Unamuita mtu aje, na ukimuita mtu nyumbani kwako uwe na cha kumpakulia.

Tazameni mikono miwili. Wa kwanza: shupaza una mzungu wa nne, wa tatu, nane na nne, kopa sita peke yake, uru una ree, mzungu wa pili, saba na tatu, pau una mzungu wa nne, tisa, tano na mbili. Pointi 13. Wa pili: shupaza ree na tano, kopa mzungu wa pili, nane, sita na mbili, uru mzungu wa nne, wa tatu na nne, pau mzungu wa nne, tisa, saba na tatu. Hesabuni. 13 vile vile.

Watu wengi wanapiga dabo kwa yote miwili, kwa kuwa "pointi za kufungulia n'nazo". Sasa mkalisheni mwenza mbele yenu. Ana shupaza kumi, saba, sita na mbili. Kopa kumi, saba na nne. Uru tisa, nane na tano. Pau mzungu wa pili, nane na nne. Pointi 2, maskini ya Mungu. Umemuita, na kushotoni wamepita, hawakutaja kitu, lazima ajibu. Atasema moja ya shupaza, hana jengine la kusema.

Kwa mkono wa kwanza mna shupaza nane baina yenu, wao tano. Kopa unayo moja tu. Ikishatoka, kila kopa ya mwenza unaikata kwa turufu. Wao wana pointi 25, na hata hivyo mnapumua. Kwa mkono wa pili mna shupaza sita, na wapinzani wana saba. Turufu yenu, wao wanayo nyingi kuliko nyinyi! Na kopa zako nne zinakaa pale hazina wa kuzikata. Hapo aliyeko kushotoni kwako anatia dabo yake, ya adhabu hiyo, ile ya kusema hamtafika, na kama mmeshashinda gemu moja, kupungukiwa mzunguko mmoja ni 200, miwili 500, mitatu 800. Kwa pointi zile zile 13.

Mtu ataniuliza: sasa pointi zote hizo nizikalie kimya? Zikalie. Kupita si aibu. Kopa zako ziko nyuma ya aliyefungua, na yeye ndiye atakayejigonga nazo. "Lakini mwenzangu akitaja pau, si n'nazo nne?" Ataje pau kwa nini? Shupaza inalipa 30 kila mzunguko ukishapita sita, pau 20. Mwenza yeyote mwenye akili, akiwa na shupaza nne, atakimbilia shupaza, kwa sababu wewe mwenyewe umemuahidi. Usiahidi shupaza mbili ukaziita nne.

Basi kipimo ni hiki: maua matatu yaliyobaki, kila moja karata tatu au zaidi, na kama wamefungua kopa, shupaza ziwe nne khasa. Ua lao uwe nalo mbili kushuka chini. Ukiwa na moja, pointi 12 zinatosha. Huna kabisa, 11, hata 10 nakuruhusu. Ukiwa nalo mbili, taka 13 nzuri. Ukiwa nalo tatu, kunywa kahawa yako.

Sasa aliyeitwa. Kosa kubwa kuliko yote: "Sina kitu, bora nipite." Usipokuwa na kitu ndipo usipite! Ukipita, dabo inakaa, na mkataba wao, ile ahadi yao ya kula, unakuwa moja ya kopa yenye dabo. Wakiifunga wana 60 chini ya mstari, zinazohesabiwa kwenye gemu, 50 juu, za zawadi, na kila mzunguko wa ziada 100, au 200 kama wameshashinda gemu. Dabo ikiwa juu ya mbili ya kopa ni 120, na gemu ni 100. Umewapa gemu ambayo wenyewe hawakuinadi. Unapita ukiwa na kopa tano au sita nene, mfano mzungu wa pili, wa tatu, kumi, tisa na nane. Hapo mwenye dabo atupe turufu kwanza, asije mwenye mkataba akakata kwa vidogo vyake.

Ukiwa na 0 mpaka 8, taja ua lako pa chini kabisa. 9 mpaka 11, ruka hatua moja. 12 na zaidi, usisimame kabla ya gemu; ukikosa la kutaja, taja ua lao wenyewe, mwenza ataelewa. Moja bila turufu ni 6 mpaka 10, na uwe na kizuizi, karata ya kuwasimamisha, kwenye ua lao. Aliyeko kuliani kwako akitaja kitu baada ya dabo, umeachiwa huru. Huna pointi, pita.

Naona saa inanikimbiza. Mkono mzito wa 17 kwenda juu: dabo kwanza, halafu taja ua lako mwenyewe, na hapo tu ndipo sharti la maua matatu linaondoka. Dabo juu ya moja bila turufu ni ya adhabu, msiichanganye na hii. Wakisema redabo, yaani dabo juu ya dabo yako, tutaizungumza siku nyengine, leo haitoshi.

Na jambo moja la adabu. Kuna wanaosema dabo ya kuita kwa sauti laini, na ya adhabu wanaigonga meza kama wanapiga dhumna Jaws Corner. Kwenye bridge huo ni wizi, sawa na kukonyeza. Dabo iwe na sauti moja.

Haya, kaeni wanne wanne. Anayegawa atoe mkono wa pili ule ule wa 13, na n'tapita meza baada ya meza kuona nani atafungua mdomo.