Mashine Ikifunga Laini: Akili Unde na Sheria ya Taarifa Binafsi

Ndugu washiriki, habari za asubuhi. Mada niliyopewa ni pana: kampuni za simu na intaneti, akili unde na sheria zinazobadilika. Nitaishika upande mmoja tu, wizi wa laini, maana hapo ndipo mashine na sheria hugongana kila siku.

Mchezo wenyewe mnaujua. Tapeli anakula njama na wakala au anakuja na kitambulisho cha kughushi, na namba yako inahamia kwenye kadi yake. Simu yako inakosa mtandao. Yeye anabadili namba ya siri na kukomba pesa. Programu ya akili unde hutazama dalili: laini imerudishwa (namba imehamishiwa kadi mpya) saa ngapi, na wakala yupi, imewekwa kwenye simu ambayo IMEI yake, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, haijawahi kuonekana na namba hiyo, na muamala wa kwanza ni wa kiasi gani. Kisha inatoa alama ya hatari.

Tupige hesabu. Tuseme laini 100,000 zimerudishwa, na 100 kati yake ni za wizi. Programu yetu ni hodari: inanasa 95 katika hizo 100, na inawashuku kimakosa asilimia 2 tu ya wateja halali. Asilimia 2 ya 99,900 ni watu 1,998. Maana yake, katika laini 2,093 zilizonaswa, za wizi hazifiki 5 kwa kila 100. Muuzaji wa programu atawaonyesha ile 95. Hii nyingine mtaitafuta wenyewe.

Na hao 1,998 wana haki zao. Kenya, kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka mteja aliyeamuliwa na mashine peke yake aarifiwe kwa maandishi, naye anaweza kudai uamuzi uangaliwe upya. Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inamlinda mtu dhidi ya maamuzi ya namna hiyo.

Kwa hiyo, ninyi wa kampuni za simu, msifunge laini nzima. Acheni simu na bando zifanye kazi. Zuieni kutuma na kutoa pesa, kisha ombeni uthibitisho wa ziada, alama ya kidole kwa mfano. Akishindwa, jalada liende kwa mtu. Mtu huyo aone sababu, si alama tupu. Mkimpa majalada 400 kwa zamu moja atabonyeza "kubali" mpaka jioni, na mkaguzi akifungua kumbukumbu ataliona hilo mara moja. Kila uamuzi uandikwe toleo la programu, dalili zilizoingia, alama, kiwango cha kuzuia siku hiyo, aliyeidhinisha na saa. Bila toleo la programu hamtaweza kueleza uamuzi wa miezi sita iliyopita.

Programu huharibika zaidi kwenye sikukuu. Desemba watu wanasafiri, wananunua simu, wanapoteza laini. Iliyofundishwa kwa miezi ya kawaida itawaona wote wezi. Simu za mtumba nazo zina IMEI iliyokwisha kubeba namba za watu wengine, na kuna nyumba ambako simu moja inabeba laini za watu watatu kwa zamu. Ipimeni upya kwa data ya msimu kabla msimu haujafika.

Kuhusu data ya kufundishia, kufuta namba ya simu hakutoshi. Mnara ambao simu inalala usiku na ule inaoshinda mchana vinatosha kumtambua mtu, hasa kijijini ambako mnara mmoja una wateja wachache. Tumieni eneo pana, wilaya badala ya mnara. Na kama programu inaendeshwa kwenye seva za nje ya nchi, sharti la kusafirisha taarifa binafsi linawahusu ninyi, si muuzaji peke yake. Liwekeni kwenye mkataba, pamoja na kifungu kinachomkataza kubadili toleo bila kuwajulisha.