Amsterdam hadi Lisbon: Saa Moja Iliyojificha Kwenye Tiketi

REHEMA: Karibuni. Leo ni safari moja tu, Amsterdam kwenda Lisbon. Kaka Khamis, tiketi inasema kuondoka 10:00, kufika 12:00. Ni saa mbili hizo?

KHAMIS: Ni tatu, dada. Tiketi huandika saa za mji husika, na Lisbon iko nyuma ya Amsterdam kwa saa moja, mwaka mzima. Unaondoka saa nne asubuhi, unafika saa sita mchana ya kule. Saa ya mkononi ambayo hukuigusa itakuonyesha saa saba.

REHEMA: Na kurudi je? 13:00 hadi 17:00. Mtu anadhani ndege imepita kwingine.

KHAMIS: Ondoa ile saa moja, zinabaki tatu zilezile.

REHEMA: Haya, umbali.

KHAMIS: Uwanja hadi uwanja, kilomita 1,846 kwa mstari mfupi kabisa. Kwa gari zinapita 2,200. Hesabu ninayoiamini kwa safari za Ulaya ni hii: gawa kilomita kwa 800, yaani mwendo wa ndege kwa saa, ongeza dakika 40. Hapa unapata saa 2 na dakika 18, ukijumlisha 40 inakuwa saa 2 na dakika 58.

REHEMA: Dakika 40 zote hizo zinaliwa na nini?

KHAMIS: Ndege ikipanda au ikishuka haiko kwenye mwendo wake kamili, na njia za angani zina kona. Halafu kuna ardhini. Saa ya tiketi inaanza ndege inapoachia geti, haingoji iruke. Pale Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, kuna njia ya kurukia iitwayo Polderbaan, ilifunguliwa 2003, nayo iko mbali mno na jengo la abiria. Ukipangiwa hiyo, ndege inatambaa mpaka inavuka daraja la barabara kuu ya A5. Ukichungulia dirishani unaona magari yanapita chini yako. Robo saa inaweza kuishia hapo.

REHEMA: Na upepo?

KHAMIS: Huko juu Ulaya upepo mwingi hutoka magharibi, kwa hiyo kwenda Lisbon mara nyingi ni mbisho. Ukikukabili kwa kilomita 100 kwa saa, ile 800 inabaki 700: saa 2 na dakika 38 kabla ya zile 40. Ukirudi unakusukuma, unapata 900, yaani saa 2 na dakika 3. Tofauti ni dakika 35, umbali ni uleule.

REHEMA: Kwa anayetoka Nairobi au Dar akibadilisha ndege Amsterdam?

KHAMIS: Pasipoti inakaguliwa Amsterdam, si Lisbon, maana ndipo anapoingia Schengen, eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao. Mkoba nao unapita mashine upya. Foleni ya asubuhi ni ndefu, kwa hiyo asinunue tiketi yenye chini ya saa mbili kati ya ndege na ndege. Akitua Lisbon, anakwenda moja kwa moja kwenye mizigo.