Kiporo cha Wali

Asalaam aleikum, na wengine habari za jioni. Mwenyekiti wa mtaa ameniomba nizungumzie usafi wa chakula. Nikianza na kunawa mikono nusu yenu mtasinzia, maana hayo mmeyasikia tangu darasa la kwanza. Leo naomba tuongee kiporo.

Sisi walaji wa wali tuna imani moja: chakula kikilala, asubuhi kipashe mpaka kifuke moshi, basi mambo yamekwisha. Kwa vijidudu vingi ni kweli. Joto la nyuzi 70 likifika katikati ya chakula, vinakufa. Ila kwenye wali kuna kimoja kinaitwa Bacillus cereus. Makazi yake ni udongoni, na kinaingia jikoni pamoja na mchele. Kikibanwa na ukavu au joto hujifungia ndani ya gamba gumu, na gamba hilo linastahimili mchemko wa sufuria. Wali ukishaiva na kuachwa mezani upoe wenyewe, magamba yanafunguka, vijidudu vinazaana na kumwaga sumu. Sumu ile ya kutapisha huvumilia hata nyuzi 121 kwa zaidi ya saa nzima, na maji yetu yanachemka kwa nyuzi 100. Kwa hiyo mama anapopasha alfajiri, anaua kijidudu na kupakua sumu.

Tupige hesabu. Kikipata joto la kukifaa, kijidudu kimoja hujigawa kuwa viwili kila dakika 20 hivi. Kimoja cha saa mbili usiku, ikifika saa nane vimezidi laki mbili na nusu. Najua mtaniambia, "Mbona tunanusa kwanza?" Harufu ya kuchacha huletwa zaidi na vijidudu vingine. Wali unaweza kunukia nazi vizuri kabisa na ukakulaza chali. Kutapika huanza ndani ya saa moja hadi sita, na lawama zote zinamwangukia muuza chapati wa asubuhi.

Sasa hotipoti, hasa mwezi wa Ramadhani. Wali wa futari unafungiwa humo ukisubiri daku. Saa za mwanzo hauna neno, kwa sababu juu ya nyuzi 60 vijidudu havizaani. Tatizo ni joto likishuka chini ya hapo, maana hotipoti haipoi haraka: inabaki vuguvugu usiku kucha, na vuguvugu ndiyo vijidudu vinayoitaka.

Mwenye friji asiingize sufuria nzima ya pilau ya harusi. Katikati yake hukaa na joto kwa saa nyingi. Tandaza kwenye sinia, funika kwa kawa inzi wasitue, mvuke ukiisha gawa kwenye vyombo vifupi uweke ndani. Yote hayo yasizidi saa mbili tangu sufuria iepuliwe. Asiye na friji, nitasema wazi ingawa bibi zangu hapa mbele wananikunjia uso: pika wali wa kuisha. Ukibaki, mpe jirani usiku uleule.

Kuku nampitia haraka. Msimwoshe chini ya bomba, maji yanarusha vijidudu mpaka kwenye kachumbari. Na ubao uliomkatia usikatie nyanya kabla ya kuusugua kwa sabuni na maji moto.

Mtoto akishaanza kutapika na kuharisha, usimfungie maji. Changanya pakiti ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, kwenye lita moja ya maji safi, mnyweshe kijiko kijiko. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea taratibu. Anayenyonya aendelee kunyonya. Ukiona damu kwenye choo, macho yamedidimia, au amelegea hataki kunywa, mbebe zahanati saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Haya, yule mama wa kitenge cha kijani alinyoosha mkono tangu kwenye hotipoti. Karibu, mama.