Samansi Kutoka Jimbo Usiloishi

SALUM: Karibuni tena, ndugu zetu mlio Columbus, Minneapolis na kote mnakotusikia Marekani. Niko na dada Rehema, wakili. Dada, leo nina swali la dereva wa lori. Anaishi Ohio. Mwaka jana aligongana na gari dogo Indiana, akarudi zake nyumbani. Juzi kaletewa barua ya kusaini. Kufungua, samansi ya mahakama ya Indiana. Anauliza, "Mimi si mkazi wa huko, wananiita kwa mamlaka gani?"

REHEMA: Akikosea hapo itamgharimu. Zamani angekuwa na la kusema. Karne ya 19 mahakama ya jimbo ilimshika aliyemo ndani ya mipaka yake. Ukishavuka, mkono wake haukufiki. Gari ndilo lililovuruga mambo. Mtu anagonga asubuhi, jioni yuko kwao jimbo la tatu. Massachusetts wakatunga sheria: ukiendesha kwenye barabara zetu, ni kama umemteua msajili wetu wa magari akupokelee samansi. Dereva wa Pennsylvania akapinga mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani. Akashindwa, mwaka 1927.

SALUM: Kwa hiyo huyu ndugu yetu...

REHEMA: Indiana wanaye. Ajali ilitokea huko, naye ndiye aliyeshika usukani.

SALUM: Na ambaye hakukanyaga kabisa? Kampuni, kwa mfano.

REHEMA: Hiyo kesi naipenda sana. International Shoe, makao yake St. Louis, Missouri. Kule Washington, upande wa Pasifiki, walikuwa na mawakala wa mauzo 11 hadi 13. Hawana ofisi, hawana stoo. Kila wakala anazunguka na sampuli, na sampuli yenyewe ni kiatu cha mguu mmoja tu.

SALUM: Mguu mmoja?

REHEMA: Mmoja! Pengine anakodi chumba cha hoteli, anawapangia wateja viatu visivyo na wenzake, wanachagua, oda inatumwa St. Louis ikakubaliwe huko. Jimbo likawadai michango ya mfuko wa wasio na ajira. Kampuni ikasema, sisi Washington hatupo. Mwaka 1945 Mahakama ya Juu ikawaambia: mmefanya biashara pale miaka mfululizo, sheria za jimbo zimewalinda, na deni hili limetokana na kazi hiyohiyo. Njooni mjibu. Tangu hapo kipimo ni kama mdaiwa ana mahusiano ya kutosha na jimbo, kiasi kwamba kumwita huko si kumwonea.

SALUM: "Kutosha" ni kiasi gani, dada? Hilo naona ni la kukadiria kwa macho.

REHEMA: Na majaji wamelibishania sana. Chukua magari mawili. Familia moja ilinunua Audi Massena, New York. Mwaka uliofuata wanahamia Arizona, wakipita Oklahoma gari jingine likawagonga kwa nyuma, moto ukawaka. Mama na watoto wawili wakaungua vibaya. Wakafungua kesi Oklahoma, na duka lililowauzia likiwamo kati ya walioshtakiwa. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ikalitoa duka hilo: halikuuza kitu Oklahoma, halikutangaza huko. Mnunuzi ndiye aliyelifikisha gari.

SALUM: Mama kaungua, mashahidi wako Oklahoma, halafu wanaambiwa wakamfuate muuzaji kwingine? Mimi inaniuma.

REHEMA: Hata mimi. Lakini duka la mji mdogo karibu na mpaka wa Kanada lingeweza kuitwa popote gari lake linapofika. Sasa njoo mwaka 2021. Ford Explorer, imeunganishwa Kentucky, imeuzwa mara ya kwanza jimbo la Washington, imepata ajali Montana na dereva akafariki. Waliposhtakiwa huko, Ford wakasema, gari hili hatukuliuza Montana. Majaji wote 8 walioisikiliza wakakataa: mnatangaza Montana, mnauza Explorer Montana, mnazitengeneza Montana zikiharibika. Hapo naona walitenda haki.

SALUM: Na mimi nikienda kutembea tu?

REHEMA: Ukikabidhiwa samansi mkononi ukiwa humo, umeshikwa. Baba mmoja wa New Jersey alikwenda California kikazi na kuwaona wanawe. Alipomrudisha mtoto kwa mama yake, akapewa karatasi za talaka. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ikasema ni halali.

SALUM: Lahaula! Turudi kwa dereva. Afanyeje?

REHEMA: Asinyamaze. Akinyamaza itatoka hukumu ya upande mmoja, na Katiba inayataka majimbo yaheshimu hukumu za wenzao. Ya Indiana itapelekwa Ohio, wakate mshahara wake. Na wewe unayeamini jimbo halina mamlaka juu yako, toa pingamizi hilo mwanzoni kabisa. Ukijibu madai bila kulitaja, umelipoteza. Mahakama za shirikisho kwa kawaida zinakupa siku 21 za kujibu. Za majimbo kila moja na hesabu yake, soma samansi yako.

SALUM: Yake anasema kaitia kwenye droo ya lori, chini ya risiti za dizeli.

REHEMA: Aitoe leo. Aandike tarehe aliyoipokea, aipige picha, awatumie mwajiri na kampuni ya bima. Mara nyingi bima ndiyo inayomlipia wakili.

SALUM: Huenda yuko barabarani saa hii, anatusikiliza.

REHEMA: Basi akiegesha tu, kabla hata ya kwenda kuoga, awapigie.